Dawa ya Kila Siku: Nasaha kwa Jamaa za Waraibu wa Unga katika Bonde la Kilombero

Mzazi wa Ifakara anapobainikiwa kwamba mwanawe, aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki na kurejea amekonda, mwenye usingizi usio na saa na mkono mrefu kwa vitu vya nyumbani, ameshikwa na unga, aghalabu fikira ya kwanza imjiayo si hospitali bali ni shamba: kijana apelekwe mbali na vijiwe, ng'ambo ya mto upande wa Malinyi au juu huko Mlimba, akakae katika dungu la kulindia ndege wa mpunga, bila ya fedha na bila ya rafiki, atapike, atetemeke, alie, hata sumu imtoke mwilini, kisha arudi mjini akiwa mtu mpya. Fikira hiyo ina huruma ndani yake, na sitaki mtu yeyote aliyepata kumfanyia hivyo mwanawe aone kuwa ninamlaumu, kwa kuwa alitenda kwa mapenzi na kwa kadiri ya elimu aliyokuwa nayo. Lakini ninamwandikia makala haya yeye, na shangazi, na kaka, na mke aliyebaki na watoto, nikiwa na jambo moja la kuwasihi: kwamba maradhi haya yana dawa ya hospitali, kwamba dawa hiyo hunywewa kila siku na kwa muda mrefu, na kwamba haraka ya kumkausha mtu unga bila ya kumpa dawa hiyo, au haraka ya kumwachisha dawa hiyo baada ya kuianza, imewazika vijana wengi ambao jamaa zao walikuwa wamekwisha kumshukuru Mungu kwa kupona kwao.

Unga ninaousema ni heroini, itokanayo na utomvu wa mpopi, na ndugu zake wa ukoo wa afyuni wanaouzwa katika sura ya dawa halali, kama vile tramadoli, kodeini na pethidini. Sehemu kubwa ya heroini iliyotufikia kwa miaka mingi ililimwa Afghanistan, ikateremshwa hata pwani ya Makran katika nchi za Iran na Pakistan, na huko ikapakiwa majahazini kuvuka Bahari ya Hindi mpaka ufuoni mwa Afrika ya Mashariki, na kila inapopita, penye bandari na penye barabara kuu, sehemu ya mzigo hubaki njiani na kuzoeza wenyeji. Bonde letu si bandari. Lakini reli ya TAZARA inalikata, miwa ya Kidatu huita vibarua kutoka kila mkoa, mpunga wetu huleta wafanyabiashara na madereva, na lami ya kutoka Mikumi, ambako njia kuu ya Zambia inapita, imeifanya safari iliyokuwa ya siku nzima kuwa ya saa chache. Mtu asidhani, basi, kwamba umbali ni kinga.

Nabainisha tangu sasa, ili pasiwepo na tamaa ya bure, kwamba dawa nitakazozieleza nazieleza kwa ajili ya uraibu wa jamii ya afyuni peke yake. Hazimtibu mvuta bangi wala mla mirungi, ijapokuwa hao nao wana haki ya tiba ya namna yao. Na kijana anayevuta ile sigara ya kokteli, yenye bangi na unga pamoja, atatibiwa kwa ajili ya unga uliomo ndani yake.

Ndani ya ubongo wa mwanadamu mna vipokezi ambavyo Muumba aliviweka kwa ajili ya vitulizo vya maumivu vinavyotengenezwa na mwili wenyewe. Heroini huviteka vipokezi hivyo, huvifurikisha kwa saa chache, kisha huviacha vitupu. Na baada ya miezi ya kutekwa hivyo, mwili husahau kujituliza wenyewe, hata saa sita au kumi na mbili baada ya kete ya mwisho mtu huanza kupiga miayo, kutoka kamasi na machozi, kuumwa na mifupa, kuharisha, kutapika, kusimamwa na malaika kwa baridi ilhali jua la Ifakara linawaka. Hiyo ndiyo waiitayo arosto. Huzidi siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hutulia baada ya wiki moja. Mtu mzima mwenye siha, akinyweshwa maji ya kutosha, hafi kwa arosto; na kwa sababu hiyo jamaa, wanapoona juma limepita na kijana ameanza kula ugali, husadiki kwamba kazi imekwisha.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Katika siku zile za dunguni mwili umepoteza uzoefu wake wa kuhimili unga, lakini tamaa haikupotea, kwa kuwa tamaa huishi ubongoni muda mrefu baada ya maumivu kuondoka. Na siku kijana atakapotumwa mjini kununua mbolea, akakutana na mwenzake wa zamani, akatumia kipimo kile kile alichokuwa akikitumia zamani, kipimo kile kitasimamisha pumzi yake. Hali hii huwapata vilevile watokao gerezani, na watokao katika nyumba za upataji nafuu ambako walikaa miezi bila ya dawa yoyote. Uchunguzi mkubwa uliokusanya tafiti za nchi kadhaa, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba katika kila watu 1000 wanaoendelea na methadoni, ile dawa ya hospitali niliyoitaja mwanzoni, hufa kwa mwaka takriban 11, na katika kila 1000 walioiacha hufa takriban 36, tena wiki nne za mwanzo baada ya kuiacha ndizo zenye vifo vingi. Kila moja ya hesabu hizo ina mama yake, na ninamwomba msomaji azitafakari kabla ya kuendelea.

Methadoni iliundwa na wanakemia wa Ujerumani katika miaka ya 1930 iwe kitulizo cha maumivu, na ilikuwa katika miaka ya 1960, mjini New York, ambapo matabibu wawili, Vincent Dole na Marie Nyswander, waligundua kwamba mraibu wa heroini aliyepewa kipimo cha kutosha mara moja kwa siku hakupata arosto, hakulewa, na hakuona tena maana ya kwenda kutafuta kete. Sababu yake ni kwamba dawa hii hukaa katika vipokezi vile vile, lakini huingia polepole na kutoka polepole, hata dozi moja ikatosha mchana na usiku. Na kwa kuwa imekaa mahali pa heroini, mtu akiibia akajidunga, hapati ladha aliyoitarajia. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni, pamoja na buprenofini, katika orodha ya dawa muhimu, yaani dawa ambazo nchi yoyote inayojali watu wake yapasa kuwa nazo.

Tanzania haikuchelewa, na jambo hili napenda lisemwe kwa sauti. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali katika Afrika ya bara kusini ya Sahara, Mauritius peke yake ikiwa imetutangulia visiwani. Ikafuata Mwananyamala, ikafuata Temeke, kisha Zanzibar katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na baadaye Mbeya, Dodoma pale Itega, Mwanza katika hospitali ya Sekou Toure, Tanga, Arusha na Bagamoyo. Jirani zetu wa Kenya walianza mwishoni mwa mwaka 2014, Nairobi katika hospitali ya Mathari, wakashuka pwani hata Malindi na Mombasa. Huduma katika kliniki zetu hizi hutolewa bure, na mtu yeyote atakayekudai fedha ili akuuzie methadoni uchochoroni, mkimbie, kwa maana hujui kilichomo chupani mwake.

Sasa nakuja kwenye hoja ambayo nimeisikia vibarazani, misikitini na makanisani, ikisemwa na watu wema: kwamba kumpa mraibu methadoni ni kumwondoa katika ulevi mmoja na kumtia katika mwingine. Watu wa bonde hili, kuliko watu wengine wengi wa nchi hii, wanayo elimu ya kuijibu hoja hiyo, kwa sababu imekwisha kujibiwa machoni pao mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Mahenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alifungua huko kliniki ya kifafa, akawakuta wagonjwa wametengwa na jamaa zao, wakila katika vyombo vyao peke yao kwa kuwa watu walikhofu kuambukizwa, wengi wakiwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafigani wakati maradhi yalipowapanda. Aliwapa vidonge vya fenobabitoni, vya kumezwa kila siku, na kwa walio wengi kuanguka kukapungua au kukakoma. Wakaoa, wakaolewa, wakalima. Fenobabitoni ni dawa ambayo mwili huizoea na kuitegemea, na yule aliyeiacha ghafla, ama kwa kuishiwa ama kwa kudhani kuwa amepona, alianguka upya, pengine vibaya kuliko mwanzo. Je, palikuwa na mzee wa Kipogoro aliyesimama akasema kwamba binti yake ameingizwa katika utumwa wa kidonge? Aliona binti yake hatumbukii tena motoni, na hilo likamtosha.

Mara ya pili ilikuwa Ifakara penyewe, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambako tangu miaka ya 2004 na 2005 Kliniki ya Magonjwa Sugu imekuwa ikiwapa watu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tunawajua waliobebwa kwa machela kuingizwa humo, na leo wanauza mchele sokoni. Wanameza dawa kila siku, na watameza mpaka mwisho wa uhai wao, na sisi sote tumejifunza kutowauliza wataacha lini. Bali tumejifunza kuwauliza, kwa upole, kama hawajasahau. Ikiwa insafu hiyo tumewapa wenye kifafa na wenye virusi, kwa haki gani tutamnyima mwenye uraibu? Mwili kuitegemea dawa ni jambo moja, na uraibu ni jambo jingine kabisa: uraibu ni kukitafuta kitu kwa gharama ya watoto, ya kazi, ya heshima na ya uhai wenyewe, na yule anayeamka asubuhi, akanywa dawa yake mbele ya muuguzi, akaenda kibaruani, akarudi na unga wa sembe kwa mkewe, hatafuti kitu kwa gharama ya mtu yeyote.

Methadoni ndiyo nguzo ya tiba katika kliniki zetu, lakini ni vema jamaa wazijue nyingine mbili, wapate kufahamu daktari anapozitaja. Buprenofini huwekwa chini ya ulimi mpaka iyeyuke; nayo hukaa katika vipokezi vile vile, ila nguvu zake hufika kikomo na kusimama, hata ikawa vigumu zaidi mtu kukata pumzi kwa sababu yake. Ina sharti moja zito: shurti mgonjwa awe amekwisha kuanza kuona arosto kabla ya kupewa dozi ya kwanza, kwa kuwa akiitumia huku heroini ingali imejaa mwilini, itaifukuza mara moja na kumtia katika arosto kali kupita aliyowahi kuiona. Naltreksoni ni ya namna nyingine: haitulizi chochote, bali huziba vipokezi hata unga usifanye kazi, na haiwezi kuanzwa mpaka mtu awe amekaa siku saba hadi kumi bila ya afyuni yoyote. Yamfaa mwenye nia thabiti na msimamizi imara nyumbani; wengi huacha vidonge vyake baada ya muda mfupi, nao wakiacha huwa hawana uzoefu wa kuhimili hata kete ndogo, kwa hiyo simshauri mzazi aikimbilie kwa sababu tu ameambiwa kuwa haina utegemezi.

Njia ya kuingia katika methadoni si kubisha hodi kliniki na kunyweshwa siku hiyo hiyo. Aghalabu safari huanzia katika asasi za kijamii zinazofanya kazi na waraibu, ambazo waelimishaji rika wake, wengi wao wakiwa wamepitia njia hiyo hiyo, humpokea mtu, humpa vikao vya nasaha, kisha humpeleka kliniki. Na huko hupimwa mkojo kuthibitisha matumizi ya afyuni, hupimwa virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini, na hutakiwa aje na jamaa wa kumsimamia. Uwe wewe jamaa huyo. Mtu aliyekwisha kumwibia kila ndugu yake hana wa kumshika mkono, na kuwapo kwako siku ile kwenye benchi la kliniki kutamwambia jambo ambalo maneno yako ya miaka mingi hayakuweza kumwambia. Kliniki ni mahali pa tiba. Hatatakiwa kumtaja aliyemuuzia, na siri yake hukaa humo.

Kipimo cha siku ya kwanza huwa kidogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, nacho hakitamtosha, na atarudi nyumbani akilalamika kwamba dawa ya serikali haina nguvu. Hapa nawaomba jamaa wawe na subira na hadhari kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Methadoni ya jana huwa haijatoka mwilini inapoingia ya leo, na ya leo haitakuwa imetoka inapoingia ya kesho, hata baada ya siku chache kiasi kilichomo ndani ni kikubwa kuliko kilichomo kikombeni, kama vile maji ya mto Kilombero wakati wa masika yanavyoendelea kupanda shambani ijapokuwa mvua ya siku ile ni manyunyu. Kwa sababu hiyo daktari hupandisha kipimo polepole, na kwa sababu hiyo wiki mbili za kwanza ndizo zenye hatari ya kufa kwa kuzidisha. Katika wiki hizo mgonjwa akiongeza kete juu ya dawa, au akinywa gongo, au akameza diazepamu alizonunua dukani ili apate usingizi, pumzi yake yaweza kukatika usiku bila ya mtu kujua. Akisinzia mno mchana, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, mwamshe na umpeleke hospitali, wala usiseme kuwa hatimaye amepata usingizi.

Baada ya majuma kadhaa kipimo hufika pale panapomtuliza, kwa wengi kati ya miligramu 60 na 120. Nimewasikia jamaa wakijivunia kwamba mgonjwa wao yuko katika kipimo kidogo, na wakimsukuma daktari akipunguze. Hilo ni kosa la nia njema. Kipimo kidogo kupita haja humwacha mtu na arosto ya alfajiri, na arosto ya alfajiri humrudisha kijiweni. Kipimo kizuri ni kile kinachomfanya asahau unga na kukumbuka kazi. Atapata choo kigumu, atatokwa na jasho jingi. Hayo na ayaseme kliniki, yana tiba yake. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyepata kuzimia, na aseme mapema, kwa kuwa methadoni katika vipimo vikubwa huweza kuathiri mapigo ya moyo.

Tena, mwenye kifua kikuu au virusi asifiche dawa anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu huiondoa methadoni mwilini kwa haraka, na kadhalika dawa za zamani za virusi kama nevirapini na efavirenzi, hata mgonjwa aliyekuwa ametulia akashikwa na arosto na watu wakamshuku kuwa amerudia. Kumbe ni dawa mbili zinazogombana, na daktari akijua ataongeza kipimo. Na atakapomaliza dawa za kifua kikuu, sharti kliniki ya methadoni ijulishwe pia, ili kipimo kilichopandishwa kiteremshwe kwa wakati wake.

Neno kwa mwanamke mjamzito, ambaye fedheha yake ni maradufu, na ambaye jamaa humficha kuliko wote: asiachishwe unga kwa ghafla, kwa kuwa arosto ya mama huweza kuporomosha mimba. Methadoni ndiyo tiba inayopendekezwa kwake, na tiba huendelea mpaka baada ya kujifungua. Mtoto huenda akazaliwa na dalili za arosto, akilia sana na kutetemeka, na wauguzi wanajua kumtibu. Kwa hiyo ajifungulie hospitali, na awaambie wakunga ukweli. Kunyonyesha akiwa katika methadoni kunaruhusiwa, bali kunamsaidia mtoto.

Dhiki kubwa ya watu wa bonde hili, kupita aibu na kupita dhana potofu, ni njia. Dawa ya kunywewa kila siku mbele ya muuguzi humtaka mtu awe karibu na dirisha la kliniki kila siku, na hata wakaazi wa Dar es Salaam kwenyewe wamekuwa wakiacha tiba kwa kushindwa nauli ya daladala. Seuze mtu wa Mang'ula au Mngeta. Hakuna njia ya kulikwepa jambo hili ila kulipangia kama tunavyompangia mtoto aendaye shule ya bweni. Kwanza, nenda Mtakatifu Fransisko au kwa mganga mkuu wa wilaya, au piga namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo haitozi fedha, ukaulize kliniki iliyo karibu zaidi kwa wakati huo, kwa kuwa idadi yake imekuwa ikiongezeka. Pili, fikiri juu ya ndugu kabla ya kufikiri juu ya umbali. Garimoshi la TAZARA linalosimama Ifakara huenda Dar es Salaam upande mmoja na Mbeya upande wa pili, na miji yote miwili ina kliniki. Uchague ule wenye ndugu atakayempokea mgonjwa kwa moyo safi, anayekaa mahali ambapo kliniki yafikika kwa miguu. Chumba cha kupanga umbali wa dakika ishirini kwa mguu ni bora kuliko sebule ya bure inayodai mabasi mawili kila asubuhi.

Mwenyeji huyo aambiwe ukweli wote kabla, na apewe haki yake: chakula au fedha ya chakula ipelekwe kila mwezi, gunia la mchele baada ya mavuno, simu ya shukrani mara kwa mara. Jamaa wa Kilombero tunajua kuchangia harusi na kuchangia mazishi, na kadi za michango zinatufikia kila juma. Nasi tukichangia miezi sita ya kodi ya chumba na kifungua kinywa cha kijana mmoja, tutakuwa tumeahirisha mchango wa sanda. Naye mgonjwa apewe kazi mapema, hata ndogo, baada tu ya kipimo kutulia, kwa sababu dawa huchukua dakika chache za asubuhi, na siku nzima inayobaki, ikiwa haina shughuli, kijiwe kitaijaza.

Ikiwa mgonjwa ni Mwislamu, suala la Ramadhani liulizwe kliniki na kwa shekhe mapema, kabla ya mwezi kuandama, ili ijulikane saa ya kunywa dawa na ruhusa ya mgonjwa. Asiachwe aamue peke yake kuruka siku. Akikosa siku tatu mfululizo asipewe kipimo chake cha zamani kwa kukisia, bali daktari akiangalie upya na kukipunguza; akikosa siku tano au zaidi, huenda akaanzishwa tena kutoka chini.

Sala na nyumba za upataji nafuu zina mahali pake, na nimewaona waliosimama kwa nguvu ya imani na ya wenzao. Ninachokipinga ni sharti linalowekwa na baadhi ya nyumba hizo, na baadhi ya wahubiri, kwamba mtu ajitoe katika methadoni ndipo apokewe. Mtafutie nyumba na jamaa ya waumini itakayompokea akiwa na dawa yake, na ukimkosesha kimoja kati ya hivyo viwili, usimkoseshe dawa.

Kila nyumba yenye mraibu, awe katika tiba au hajaanza, ijifunze namna ya kumwokoa aliyezidisha. Mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, midomo na kucha hugeuka rangi, pumzi huwa ya nadra au yenye mkoromo, naye haitikii akiitwa wala akisuguliwa kifuani kwa ngumi. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimdunge maji ya chumvi. Mpulizie pumzi kinywani ikiwa hapumui. Akipumua, mlaze ubavu. Na mkimbizeni hospitali, mkiwaambia waziwazi ni unga au ni methadoni, kwa kuwa ipo dawa iitwayo naloksoni inayozifukuza afyuni katika vipokezi na kumrudishia mtu pumzi kwa dakika chache. Nguvu ya naloksoni hudumu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, ilhali methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Basi akizinduka akataka kwenda zake, mshikeni, abaki chini ya macho ya wauguzi, kwa kuwa anaweza kuzama tena. Ikiwa kliniki imemruhusu kuchukua dozi nyumbani, chupa hiyo ikae ndani ya kasha lenye kufuli, mbali na watoto, kwa sababu dozi ya kawaida ya mtu mzima aliyezoea inatosha kumuua mtoto, na hata mtu mzima asiyezoea.

Utakuja wakati, pengine baada ya mwaka, pengine baada ya miaka mitatu, ambapo kijana atanenepa, atacheka, ataomba kurudi kulima. Akitaka kuja kwa siku chache za mazishi au za mavuno, azungumze na kliniki kabla ya kukata tiketi, ili ajue atakunywa wapi, na achukue barua inayotaja kipimo chake na siku aliyokunywa mara ya mwisho. Akitaka kuacha kabisa, uamuzi uwe wake na wa daktari wake, si wa mjomba wala wa mchumba. Na kipimo kiteremshwe kidogo kidogo kwa miezi mingi, kikisimamishwa kila arosto inapochungulia, na kikirudishwa juu bila ya lawama ikiwa tamaa imefufuka. Wako watakaoacha salama, na wako watakaoendelea kunywa kwa miaka mingi. Kwa hawa wa pili jamaa na waulize tu kliniki iliyo karibu zaidi na nyumbani kila mwaka unapoingia, maana siku itakapopatikana moja bondeni, au mahali panapofikika kwa urahisi, mgonjwa atahitaji barua ya uhamisho, kadi yake ya kliniki, na mtu wa kumsindikiza siku ya kwanza.